Neno la Chini ya Chuma

4 Machi

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi nimeianza. Kabla hujaendelea kusoma, kaa chini, maana nakujua, utasoma umesimama jikoni halafu chungu kiungue nilaumiwe mimi.

Najua Mama Pacha kakwambia uachane na karatasi, kwamba nitume ujumbe kwenye simu yake akusomee. Sitaki. Jambo likishasomwa na Mama Pacha, mtaa mzima umeshalisoma. Na kukupigia ndiyo kabisa. Mara ya mwisho nilipiga ukelele "nimefika salama" mpaka wapangaji wenzangu wakatoka vyumbani, na wewe ukanijibu kwamba chumvi ipo. Masikio yako yamekataa simu, basi tuandikiane.

Nimewekwa kwenye chumba cha kufulia nguo za hospitali. Mashuka yakitoka kwenye mashine yamelowa, kapu moja wenzangu hubeba wawili wawili. Mimi nabeba peke yangu. Dereva wa gari la nguo aliniona, akaniambia nyuma ya gereji moja kuna jimu, nikajaribu. Kocha wa pale ni fundi wa magari, wanamwita Kocha Spana. Alinitazama nikinyanyua, akauliza nani alinifundisha kunyoosha mgongo vile. Nikasema baba.

Sasa tulia. Mwezi wa nane kuna mashindano ya kunyanyua vyuma vizito. Siyo yale ya kujipaka mafuta na kutunisha kifua, usije ukanitangazia hayo. Ni mambo matatu: unachuchumaa na chuma mabegani halafu unasimama; unalala chali kwenye benchi, unakishusha chuma mpaka kifuani halafu unakisukuma juu; na mwisho unakivuta kutoka sakafuni. Kila mtu ana malengo yake, Kocha ameyaandika kwa chaki ukutani. Yangu ya kuchuchumaa na ya kuvuta hayanitishi. Linalonitisha ni benchi. Pale ukutani imeandikwa kilo mia, na mimi kwa sasa nasukuma sitini nikitoa macho.

Kwenye benchi hayuko mtu peke yake. Kuna mtu husimama kichwani kwako, kazi yake kutazama. Haruhusiwi kugusa chuma mpaka umwite, kwa sababu akigusa kabla, jaribio lako limeharibika. Wana neno lao la kumwita. Ni neno lile, Mama. Mimi silisemi. Wakilisema wao najifanya sisikii. Usiogope.

Binti yako,
Kifungo


16 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimekaa kama ulivyoniagiza, na kukaa hakukunisaidia kitu.

Mtoto niliyemzaa mdogo mpaka mkunga akasema "hiki ni kifungo cha shati", leo unaniambia unakwenda kulala chali chini ya kilo mia? Kwani kitanda umekosa? Na huyo fundi, magari yameisha huko mpaka atengeneze watoto wa watu?

Naogopa, nakwambia wazi. Nimeishi na mwanamume wa kubeba mizigo. Nilikuwa namkanda mabega kila jioni, najua mzigo unamwacha mtu vipi. Kama ni lazima mtu awe na malengo siku hizi, weka ya kuolewa, au ya kunenepa, au ya kuniandikia kila wiki. Hayo mengine waachie wenye vifua.

Na hilo neno lao. Umefanya vizuri kuliruka, endelea kuliruka. Tangu baba yako alale, nyumba hii haijalisema. Kuku akilala, amelala. Betri ya redio ikilala, imelala. Mgeni akiteleza akalisema, namkatiza katikati hata kama ni shehe au padri. Juzi nilimwambia Mama Pacha kwamba saa yangu ya ukutani imelala, akaniuliza ailetee mto. Acha acheke. Mimi sina la kucheka.

Nikumbushe: unalala chali, chuma kiko juu yako, na anayekutazama haruhusiwi kugusa mpaka umwite. Nimeisoma sentensi hiyo mpaka karatasi imelegea. Utamwitaje, ikiwa neno unaliruka? Nijibu hilo.

Mama yako


23 Mei

Mama,

Shikamoo. Samahani kwa kimya. Mwandiko umepinda kwa sababu naandikia kitandani, si kwa sababu nyingine.

Mambo yanakwenda. Kuchuchumaa nimefika kilo mia na ishirini. Nilipoinuka nazo Kocha alirusha kofia juu, ikanasa kwenye feni. Benchi nimefika themanini. Nina mafua kidogo, sauti imekauka, kwa hiyo wiki hii nimepumzika. Kazini pia nimepumzika, mashine moja mbovu.

Lile ulilouliza, la kuita, tumeshalipatia ufumbuzi. Usihangaike.

Usije. Nasema tu, kama ulikuwa na wazo la kuja, chumba ni kidogo na kuna rangi mbichi.

Binti yako,
Kifungo


28 Mei

Mama mheshimiwa,

Shikamoo. Mimi ndiye kocha wa binti yako. Anwani yako nimeipata kwenye fomu yake ya kujiunga, pale panapoulizwa nani aarifiwe likitokea jambo. Usishtuke. Binti yako anatembea, anakula, na jana kanitukana vizuri tu. Amenikataza kukuandikia. Lakini mimi siwezi kukaa na jambo la mtoto wa mtu kifuani.

Jumamosi ya wiki mbili zilizopita alikuwa benchi na kilo themanini. Aliyesimama kichwani ni kinyozi wa mtaani kwetu, mtu makini, hanaga mchezo na chuma. Kilishuka vizuri, kikapanda nusu, kikagoma. Hapo ndipo mtu husema "nakufa", na msaidizi hunyakua. Ndivyo wanavyosema kila jimu niliyopita mimi. Ukilisikia hufikirii, mikono inakwenda yenyewe.

Binti yako hakusema hivyo. Alisema, "Nalala! Nalala!" Kinyozi akamjibu, "Lala tu dada, benchi ni lako." Alidhani anatania, maana kweli alikuwa amelala, angekuwa vipi tena? Sote tulicheka, Mama. Mimi nilikuwa namfunga mwenzake mkanda, nikasikia, nikacheka. Chuma kikamkalia kifuani, kikaanza kubingirika kuelekea shingoni, na yeye bado anasema nalala, nalala, mpaka sauti ikakatika. Ilipokatika ndipo tukaelewa.

Hakuvunjika. Daktari amesema nyama za kifua zimepondeka na koo limevimba, atapona. Kinyozi ndiye ana hali mbaya, wembe hashiki.

Nilimpa binti yako neno jingine, aseme "shika". Chuma kikiwa chepesi analisema vizuri sana. Akizidiwa kweli, mdomo unafunguka halafu hakitoki kitu. Na hata angeweza, kwenye mashindano ukumbi mzima hupiga kelele "shika, shika" kumtia mtu moyo, na watakaosimama kichwani ni watu asiowajua. Watajuaje nani anashangilia na nani anaomba? Nikamuuliza kwa nini asiseme tu kama wenzake. Akanijibu, "Kamuulize mama." Basi nakuuliza.

Wako,
Kocha Spana


6 Juni

Kocha,

Marahaba. Barua yako nimeikunja upande wa maandishi ndani, kwa sababu ina neno lile, na sikutaka linitazame nikinywa chai.

Umeuliza, nakujibu. Mume wangu alikuwa mbeba mizigo kwenye ghala la saruji. Kila jioni akifika mlangoni alikuwa analitamka neno hilo kwa sauti kubwa, kwamba jamani leo ndiyo basi tena. Kisha anajitupa kwenye kiti cha pale pale mlangoni, Kifungo na kaka yake wanakimbilia kumvua viatu, kila mmoja mguu wake. Na mimi jibu langu lilikuwa moja: "Iwe huko huko mlangoni, ndani nimedeki." Ulikuwa mchezo wa nyumba yetu. Nilikuwa nausubiri kutwa nzima.

Jioni moja akasema, nikamjibu, Kifungo akacheka. Kaka yake alikuwa ametumwa dukani, kwa hiyo Kifungo alivua viatu peke yake. Alivuta kimoja kikatoka. Akaendelea kucheka, akavuta na cha pili. Alikuwa anamwambia baba yake, "Kunja miguu basi." Hakukunja.

Mtu aliita mbele ya watu wake wote, Kocha, na sisi tulikuwa tunacheka. Ndiyo maana nikalifukuza neno hilo nyumbani kwangu. Majirani wanasema ni ushirikina. Siyo ushirikina. Niliona kwamba neno lililozoeleka kuchekwa halifai kumwitia mtu. Nikawapa watoto "kulala", neno la upole, lisilotisha mtu.

Sasa unaniandikia kwamba mwanangu ameita, kwa neno nililompa mimi kwa mkono wangu, na watu wakacheka vile vile. Tangu nilipoisoma barua yako sijala kitu kikashuka.

Mfutie hayo malengo ukutani. Mrudishe nyumbani.

Mama yake Kifungo


6 Juni

Kifungo,

Mafua! Rangi mbichi! Kocha wako kaniandikia yote. Ulitaka nijue lini, nikiitwa nije kukutambua?

Usijibu barua hii. Panda gari uje.

Mama


15 Juni

Mama,

Shikamoo. Umesema nisijibu. Najibu.

Kocha alikuwa pembeni, hakuona. Mimi ndiye niliyekuwa chini. Kilipogoma katikati sikuogopa, nilijua la kufanya, neno lilikuwa hapa kwenye ulimi. Nikafungua mdomo, na kilichonijia ni soksi ya baba, ile ya kijivu, na kidole kinachungulia. Nikaona kwamba nikilisema, litakuwa. Likishasemwa litakuwa. Nikasema lile la kwetu. Nikamsikia kinyozi anacheka, na wote wanacheka, na kile kicheko nilikifahamu, Mama. Nilikuwa nakifahamu vizuri sana. Nikajua hakuna anayekuja.

Tangu siku hiyo siogopi chuma. Naogopa mdomo wangu. Juzi kazini mashine ilivuta shuka na mkono wa nguo yangu ukaingia nalo. Mwenzangu alikuwa karibu, kanipa mgongo, ningemwita angegeuka. Sikutoa sauti. Nilipasua nguo nikajichomoa, halafu nikaenda chooni nikatapika. Unaniambia nirudi nyumbani, sawa, nirudi, na huko nikizidiwa na kitu nitaitaje? Nitasema nalala, na wewe hata husikii.

Sikuandikii haya kukuumiza. Au pengine nakuumiza, nina hasira. Ulitukataza neno ukafikiri umeifungia nje ile jioni. Umeifungia ndani, na sisi humo humo.

Na kuacha siachi. Shuleni nilikuwa wa mwisho, kuimba siwezi, kupika unajua mwenyewe. Hiki ndicho kitu cha kwanza ambacho nikikifanya watu wazima wanaacha walichoshika wanatazama. Niliposimama na zile mia na ishirini mabegani nilitamani baba angekuwepo, nimwambie lete hiyo saruji. Nimeshajiandikisha. Agosti nitalala kwenye benchi lile, nikiwa na neno au bila neno.

Ninachoomba ni kimoja. Liandike. Liandike wewe, kwa mwandiko wako, mara moja tu, unitumie. Sijui kwa nini nadhani nikiliona kwa mkono wako nitaweza. Naogopa sana, Mama. Usipoandika nitaelewa, lakini usinitumie tena barua ya kuniambia nipande gari.

Kifungo


18 Julai

Mwanangu,

Nimechelewa. Siyo kwamba nilinuna, ingawa nilinuna pia.

Nilichukua kalamu siku ile ile. Nikaandika herufi mbili za mwanzo, mkono ukafa ganzi. Unaona? Limenitoka lenyewe hapo, sikulikusudia, na sasa nimeliacha, sitalikata. Nitakwambia lilivyoanza kunitoka.

Niliona siwezi kukuandikia kitu ambacho mimi mwenyewe kimenikwama. Nikasema nitajaribu kwa mdomo kwanza. Nikafunga mlango wa jikoni, nikafunga na dirisha, nikawasha redio watu wasisikie. Nikasimama mbele ya jiko. Nilisimama mpaka maji yakachemka yakaisha kwenye sufuria. Jasho lilinitoka, mtu mzima mimi, naogopa jikoni kwangu mwenyewe. Nilikuwa naogopa kwamba nikisema tu, barua itafika kutoka kwa Kocha.

Kisha nikafumba macho nikasema. Sasa wewe unajua masikio yangu. Mimi nilidhani nanong'ona.

Mwanangu, Mama Pacha aliuangusha mlango. Aliupiga kwa bega, komeo likaruka likaangukia kwenye unga. Hana viatu, kanga moja mkononi, povu la sabuni mpaka viwikoni, na nyuma yake pacha wote wawili, na nyuma yao fundi cherehani na futi yake shingoni, na mzee wa nyumba ya tatu ambaye hatujasalimiana tangu ugomvi wa mfereji. Mama Pacha alinishika huku na huku, ananipapasa kama ananunua nguo, anasema wapi, wapi, wapi panauma. Mwanamke yule ukimwita kuchota maji anajibu baada ya adhuhuri! Nilishindwa kumweleza. Nilimkumbatia tu. Alipojua kwamba nilikuwa nafanya mazoezi ya kutamka, alinitukana tusi ambalo sitaliandika, kisha akakaa chini akalia pamoja na mimi.

Hakucheka hata mmoja. Miaka yote hii nilikuwa nimejiambia kwamba hilo neno halimwiti mtu. Watu walikuja, Kifungo. Walikuja mpaka nikakosa vikombe.

Naogopa bado. Nikifunga macho nakuona chini ya kile chuma, na kila nikikuona umevaa gauni lako la utotoni. Sikupi baraka ya kulala kwenye benchi hilo, usije ukasema mama alikubali. Ila kama utalala, basi chuma kikikuzidi usiseme nalala, usiseme shika, usingoje. Sema nakufa. Haya, nimeliandika.

NAKUFA. Sema kwa sauti kubwa, mbele ya watu, bila aibu.

Mama yako


13 Agosti

Mama,

Shikamoo. Barua nimeipata, sijaitoa mfukoni. Imenyonya jasho, wino umesambaa, lakini lile neno kubwa bado linasomeka.

Nimelisema nikiwa na chuma kitupu. Nimelisema nikiwa na sitini, kwa kujifanya nimezidiwa. Kinyozi amerudi kusimama kichwani, na nilipolisema alinyakua chuma kwa kasi akajigonga kidevu. Lakini kujifanya si kuzidiwa. Tangu ile Jumamosi sijazidiwa kweli hata mara moja, kwa hiyo sijui. Hakuna njia ya kujua mpaka siku yenyewe. Hicho ndicho kinachonikosesha usingizi.

Kocha alitaka kupunguza lengo, tuishie tisini na tano. Alishika chaki na kitambaa, nikamwambia akifuta mia ile na mimi nitafuta jina langu. Baadaye chumbani nilijuta. Kwa nini sikumwacha afute? Sasa nalikwepa benchi la aina yoyote, hata lile la kungojea daktari pale kazini. Juzi nilimwona mgonjwa amejilaza juu yake nikataka kukimbia.

Ni Jumamosi ya wiki ijayo. Usije. Ukija nitakutazama wewe badala ya kutazama chuma, na utakuwa umekunja uso, nakujua.

Naogopa, Mama.

Kifungo


2 Septemba

Mwanangu Kifungo,

Ulisema nisije nikaja, umeshanigombeza, yamekwisha. Ulivyonibeba juu juu mbele ya watu nilipofika nyuma ya jukwaa, mpaka sandali ikanivuka, nilikwambia una akili mbovu. Sikukwambia lingine lolote. Hata kituoni tulipoagana nilikuwa nahesabu mizigo na kumgombeza Mama Pacha. Yapo niliyoshindwa kuyasema nikikutazama. Nayaandika.

Tulikaa ubavuni mwa benchi, mstari wa mbele. Mama Pacha alimsukuma mtu. Kwangu mimi ukumbi ule ulikuwa kimya. Naona midomo imeachama, naona watu wanapiga miguu chini, sisikii kitu. Ulisukuma ya kwanza. Ulisukuma tisini na tano, nikaona Kocha wako anaruka. Kisha wakaweka mia.

Ilishuka. Ilipanda nusu, ikasimama.

Wale watatu, wawili pembeni na mmoja kichwani kwako, walikuwa wamekuinamia na viganja wazi, hawagusi. Mkono wako wa kushoto ukaanza kuteremka. Hawagusi. Mimi nikasimama, nikataka kukuitia mwenyewe, Mama Pacha akanikamata gauni kwa nyuma, akanionyesha kidole kwamba nikipiga kelele nitakuharibia. Sikuweza kusikia kama umeita au hujaita. Hebu fikiria. Mtoto wangu yuko mbele yangu na siwezi kujua kama anaita. Nikashika mdomo wako kwa macho, sikutazama chuma tena. Ulifunguka. Ukabaki wazi hivyo, shimo tupu. Nikasema basi, ni ile ile, tumeshachelewa.

Halafu meno yako ya juu yakaja yakagusa mdomo wa chini.

Wewe una masikio, hujui. Sisi tunaosoma midomo tunajua. Nalala inasemwa bila jino kugusa mdomo. Ile "fa" haiwezekani bila. Niliiona kabla wale watu hawajaisikia, naapa, na mikono yao ikaenda, mikono yote kwa pamoja, na chuma kikakutoka juu kama mtu anavyotolewa blanketi. Ukaketi. Ulikuwa mweupe midomo.

Taa za waamuzi zikawaka nyekundu zote. Watu wakashika vichwa, Kocha wako akakaa chini. Mimi nilikuwa nimesimama peke yangu ukumbi mzima napiga makofi. Mama Pacha ananivuta, ananiambia ameshindwa, ameshindwa, kaa. Sikukaa.

Sasa la mwisho. Juzi alikuja mtu wa kusoma mita ya umeme, mgeni, hatujui. Akataka kuzungumza na mwenye nyumba mwanamume. Zamani ningemwambia amelala. Niliwahi kumwambia hivyo mwenzake mmoja, akaniuliza ataamka saa ngapi arudi. Safari hii nilimtazama usoni nikamwambia, "Mume wangu alikufa." Akasema pole. Akaandika namba zake akaenda.

Nilifunga mlango, nikakaa pale pale chini nyuma yake, nikamlilia baba yako. Nilikuwa sijamlilia, Kifungo. Unakumbuka msiba wetu? Nilikuwa nawakemea waliokuja kulia, nawaambia wanyamaze, amelala. Nimemwacha amelala miaka yote hii, kila jioni nikipitisha ufagio mlangoni namkwepa. Nililia mpaka Mama Pacha akaja, na safari hii sikuwa nimemwita.

Alikufa, mwanangu. Alituita, hatukujua, akafa. Haikuwa kosa lako kuvuta viatu.

Bado nakuogopea, na mwakani nitakuogopea tena. Waambie waniwekee kiti ubavuni.

Mama yako